Siku Gari la Taratibu Liling'aa

Wateja wawili waliokuwa wamekaa kwenye benchi langu wakisubiri magari yao waliinuka bila hata kuniaga. Mmoja alijifanya anapokea simu. Mwingine hata kujifanya hakujifanya, alijiondokea tu. Sikuwalaumu. Gari la maiti likiingia uwanjani kwako mchana kweupe, hata kama ni tupu, kila mtu hukumbuka ghafla kwamba ana shughuli mahali pengine.

Mimi sikuinuka. Nilikuwa nimechuchumaa kwenye bampa la teksi, natoa lami, na gari lile nililijua kwa mlio wake. Lilikuwa la shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ambaye watu wote walimwita Taratibu kwa sababu ya uendeshaji wake. Walisema kuku akiamua, anampita. Dada alikuwa akiongeza kwamba kuku huyo anaweza kutaga njiani na bado akatangulia kufika.

Dada alikuwa amefariki juzi yake. Alikuwa amelala kwenye chumba cha baridi cha hospitali, na kesho asubuhi gari lile lile lililobeba wafu wa watu miaka nenda miaka rudi lilikuwa limbebe yeye.

Taratibu alishuka, akafunga mlango kwa upole kama kawaida yake, akasimama mbele yangu na mikono nyuma.

"Shemeji," akasema, "nimekuja unisaidie. Nataka ling'ae."

Damu ilinipanda. Mimi hasira zangu ziko karibu, hilo halina siri, mama yetu alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja uso. Lakini siku ile, jamani, nilikuwa na haki yangu.

"Leo?" nikamwambia. "Leo ndiyo umeijua njia ya kuja hapa?"

Akaligeukia gari lake.

Lile gari alipolinunua lilikuwa na rangi ya kumfanya mtu ageuke. Buluu iliyokolea, ya metaliki, ile yenye chembe ndogo ndogo za madini ndani yake, ukilitazama juani unaona kama linawaka kwa ndani. Mwaka wa kwanza alilitunza. Kisha, sijui shetani gani alimpitia, akaacha. Akawa analiosha kwa sabuni ya unga ya kufulia na tambara la kudekia. Analianika juani kutwa nzima. Likapauka kama miguu ya mtoto asiyepakwa mafuta. Mimi kazi yangu ni hiyo hiyo, kupiga magari polishi, ndiyo inayonilisha, na mume wa dada yangu anazunguka mji mzima na gari lile. Aibu ilikuwa yangu, si yake.

Dada naye alikuwa fundi cherehani. Mapazia ya madirisha ya nyuma ya gari lile aliyashona yeye, na marinda yake madogo madogo aliyanyoosha kwa pasi kila wiki. "Mapazia yangu mazuri namna hii," alikuwa akisema, "nimeyaweka ndani ya bati la kuanikia dagaa!" Alimwomba mumewe alilete kwangu. Nilimwomba mimi. Nilimwambia sitaki hata asante. Jibu lake lilikuwa moja tu: "Nitalileta." Halileti.

Mwishowe dada akaigeuza mzaha. "Siku nitakayobebwa mimi," akawa anasema mbele ya wageni, "nataka lile gari ling'ae mpaka mtu aweze kujipaka wanja ubavuni mwake. La sivyo nashuka, natembea kwa miguu." Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Alipougua akayarudia maneno yale yale, na hakuna aliyecheka. Siku yake ya mwisho alimshika mumewe mkono, nikiwa nimesimama pale pale miguuni pa kitanda, akasema, "Lile gari, mume wangu." Taratibu akasema, "Litang'aa." Basi. Hiyo ndiyo ahadi aliyoondoka nayo.

"Liingize chini ya bati," nikamwambia. "Kwenye jua haliguswi."

Aliliingiza. Nikaweka mgongo wa mkono juu ya boneti, likanichoma. Nikamwambia tungoje lipoe. Akaniuliza kwa nini nisianze, muda unakwenda. Hebu fikiria! Mtu aliyepitwa na kuku maisha yake yote, leo yeye ndiye mwenye haraka.

Nikamweleza kama ninavyomweleza kila mteja mbishi. Rangi ya metaliki si kitu kimoja. Chini kuna bati, juu yake kuna rangi ya kwanza ya kushikia, halafu ndiyo inakuja buluu yenyewe na zile chembe zake, halafu juu kabisa kuna klia, tabaka lisilo na rangi, jembamba kuliko ganda la kitunguu. Mng'ao wote uko kwenye klia. Kufubaa nako kuko kwenye klia. Ukipiga polishi huongezi kitu, unapunguza: unaiparura ile klia kidogo sana mpaka uso wake uwe laini tena. Kwa hiyo unaanza na dawa laini, na sponji laini, mahali padogo, unatazama. Ikikubali, unaendelea nayo. Ukianza na dawa kali kwa pupa utaimaliza klia, na klia ikiisha, imeisha. Hakuna dua ya kuirudisha.

"Mimi nataka ling'ae tu," akasema.

"Na mimi nataka libaki na rangi. Kaa kwenye benchi."

Lilipopoa tuliliosha kwa shampuu ya magari, ndoo moja ya povu na nyingine ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga uliotoka usirudi ukakwaruza. Nikapitisha ule udongo laini wa kunatisha uchafu, ukawa unatoka mweusi. Nikabandika tepu kwenye kingo zote, kwa sababu kwenye kingo klia huwa nyembamba zaidi. Taratibu alinifuata nyuma akipangusa maji, anarudia hata pale palipokwisha kukauka. Nilimwona. Sikumwonea huruma, bado.

Kwenye milango ya nyuma nikakuta mikwaruzo mingi, mingine mirefu, yote ya usawa wa kifua.

"Hii nini?"

"Pete," akasema. "Na bangili. Watu wanashika mlango, hawataki nifunge."

Nikapitisha ukucha. Mingine ukucha uliteleza, hiyo ingetoka. Mingine ukucha ulinasa, na mkwaruzo unaonasa ukucha huachwa, maana ukiufuata chini utaipita klia. Nikamwambia hii itabaki. Akatikisa kichwa, akasema na ibaki.

Nilijaribu chini kabisa karibu na gurudumu la mbele, kipande cha kutosha kuweka kikombe. Dawa laini, sponji laini, mashine kwa mwendo mdogo, bila kuiegemea. Nilipopangusa, buluu ilikuwa pale. Buluu ile ile ya mwaka wa kwanza, na chembe zake zinawaka.

Hapo simu ikalia. Walikuwa wanawake walioko msibani, wanauliza dada avalishwe gauni lipi. Nikatoka nje nisikie vizuri. Wakasema wamefungua kabati lake lote, na kila gauni lake mwenyewe lina kasoro: hili halina vifungo, lile halijapindwa chini. Aliwashonea watu wote, zake akawa anaziweka kesho, kesho. Nikawaambia wachukue lile la zambarau lisilo na vifungo, mmoja wao akae ashone vifungo, na avishone vizuri, maana dada angeviona. Walikubali. Nilibaki nimeshika simu iliyokatika, sijui kwa muda gani.

Niliporudi, Taratibu alikuwa nyuma ya gari. Alikuwa amechukua kopo la dawa kali kwenye rafu yangu, na tambara, na alikuwa anasugua kona ya mlango wa nyuma kwa uzito wake wote. Tepu ilikuwa imeng'oka. Alikuwa anasugua huku ananong'ona kitu.

"Acha!"

Akageuka. Nikamnyang'anya tambara, nikalikunjua. Lilikuwa la buluu.

Kama huijui kazi hii, hutaelewa moyo wangu ulivyoanguka. Ukipiga polishi gari la namna hii, kitambaa hutoka na uchafu mweupe, maana unachoparura ni klia. Kitambaa kikibeba rangi ya gari, umeshapita. Pale kwenye kona palikuwa na doa la ukubwa wa kiganja, limekufa kabisa, kavu, halirudishi hata mwanga wa mlangoni. Kulipaka upya kungetaka siku za kukauka, na chembe za rangi mpya hazilali kama za zamani, lingeonekana kama kiraka. Siku hatukuwa nazo.

Nikampasukia. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu! Nimekwambia nini? Nimekwambia nini mimi? Akiwa hai ulimnyima, na sasa hata maiti yake unainyima! Miaka yote ile ilikugharimu nini kulileta? Ulikuwa unaona raha kumwaibisha?"

Taratibu alikaa chini, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mtu mrefu kama yule, magoti yakamfika kidevuni. Alitazama mikono yake, imejaa buluu.

"Mwaka ule wa kwanza," akasema, "nilikuwa nalifuta kila siku, linang'aa. Unakumbuka."

"Nakumbuka."

"Nikamchukua mtoto wa mwanamke mmoja. Mtoto mdogo, jeneza nililibeba peke yangu. Tumeshaliingiza, mama yake akasimama hapa ubavuni." Aliinua mkono akaonyesha ubavu wa kushoto, bati tupu, halina dirisha, la usawa wa uso wa mtu. "Akajiona. Mtandio wake ulikuwa umelegea. Basi akauweka sawa, shemeji, vile tu mwanamke anavyofanya akipita kwenye kioo. Akaufunga vizuri, akajitazama. Kisha akakumbuka yuko wapi. Sijawahi kusikia sauti ile. Alijipiga makofi, anajiuliza yeye ni mama gani, anajitazama uso wake na mwanawe yumo humu ndani. Watu walimshika. Mimi nilimwona na nilijua ni gari langu lililomfanyia vile."

Niliutazama ule ubavu wa kushoto.

"Nikasema halitamwonyesha mtu uso wake tena. Nikaliacha life."

"Kwa nini hukumwambia dada?"

"Ya kazini nilikuwa nayaacha getini. Nisingeyaingiza nyumbani. Yeye alinicheka, nami nikaona heri anicheke." Akajifuta pua kwa mkono, akajipaka buluu. "Sasa nimemwahidi. Na kesho binti yetu atasimama pale pale. Wewe unajua amefanana na nani. Atajitazama, atamwona mama yake anamwangalia kutoka kwenye bati. Mimi nitafanya nini? Ling'arishe lote, shemeji, timiza ahadi. Lakini ule ubavu wa kushoto uache ulivyo."

Ningeweza kumjibu kwamba ahadi haikatwi nusu kama mkate. Siku nyingine ningemjibu. Nilichukua mashine nikaanza kazi, naye akakaa pale pale kwenye ndoo.

Nilifanya boneti, nikafanya paa, nikafanya ubavu wa kulia. Kipande kwa kipande, sponji inatembea wakati wote, napangusa, natazama, napunguza mkono kwenye mikunjo. Milango ya nyuma niliifanya pia, pete na bangili zikabaki mahali pake. Lile doa sikuligusa. Nililipaka nta tu, angalau lisikauke zaidi. Jua likawa linashuka na mwanga ukaingia chini ya bati umelala, ndio mwanga mzuri wa kazi hii, hauachi kitu kimejificha. Ukabaki ubavu wa kushoto.

Nilisimama mbele yake na sponji mkononi. Nilikuwa namsikia dada: la sivyo nashuka, natembea kwa miguu. Na nilikuwa namwona yule mwanamke na mtandio wake. Wote wawili walikuwa na haki, na aliyeweza kuamua kati yao hakuwepo.

Basi nikasema nijaribu mahali padogo. Hiyo ndiyo kazi yangu, mahali padogo, halafu unatazama. Nikaiweka mashine chini, nikatumia mkono, usawa wa uso wangu, duara moja la ukubwa wa sahani. Nikapangusa kwa kitambaa laini.

Kulikuwa na mwanamke mle ndani ya buluu. Nywele zimejaa vumbi la dawa, macho mekundu, midomo imekunjwa kama mtu anayetaka kugombana na ulimwengu. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni. Tangu juzi nilikuwa nimefoka, nimepanga viti, nimegombana na wauza majeneza, nimewakaripia waliolia kwa sauti. Nilidhani mimi sijalia. Kumbe nilikuwa nalia, na hakuna aliyethubutu kuniambia.

Nikajifuta uso. Niliona mahali pa kufuta.

"Taratibu," nikaita. Sikuwa nimewahi kumwita hivyo usoni pake. "Njoo hapa."

Alikuja, akasimama kando yangu, akainama kidogo kwa ule urefu wake. Alijiona. Yule mtu aliyetazama nyuso za wafiwa wote hakuwa amewahi kuutazama wake. Alikuwa na buluu puani na kwenye paji la uso. Alifungua mdomo, akalia kama watoto wanavyolia, bila kujificha, na mimi nikamshika mkono wa shati.

"Naendelea na ubavu huu," nikamwambia.

Hakukataa. Alichukua kitambaa cha pili, nikamwonyesha namna ya kushika, bila kukandamiza, akawa anapangusa pale ninapopita. Tukaumaliza pamoja na giza likiingia. Mwisho nikalipaka gari lote nta, tukaifuta.

Asubuhi jua lilitoka safi. Pale hospitalini watu walilitazama gari, wakamtazama Taratibu, wakalitazama tena. Nilimsikia jirani mmoja akinong'ona, "Amekodi jipya?" Mwenzake akamwambia hapana, angalia mapazia. Yalikuwa mapazia yale yale, Taratibu alikuwa ameyapiga pasi mwenyewe usiku, na marinda yamekaa upande upande.

Jeneza likaingizwa. Kisha wakamleta binti yao, wanawake wawili wamemshika makwapani. Tangu mama yake afariki alikuwa hajala na hasemi, anaburutwa tu kama nguo. Mtandio ulikuwa umemwangukia begani. Walimfikisha ubavuni, upande wa kushoto, na akainua macho.

Akasimama. Wale wanawake wakasimama naye.

Taratibu akapiga hatua ya kwenda kujiweka katikati. Nikamshika. "Mwache," nikasema, na moyo wangu ulikuwa unadunda mpaka masikioni, maana kama nimekosea, nimekosea kwa mtoto wa dada yangu na hakuna wa kunisaidia.

Binti alitazama. Alitazama sana. Uso uliokuwa mbele yake ulikuwa wa mama yake akiwa msichana, sisi sote tuliuona, na mwanamke mmoja nyuma yangu akaanza kulia. Binti akajitoa mikononi mwa waliomshika. Akanyoosha kidole akagusa bati, pale kwenye shavu.

"Mama mdogo," akaniita, bila kugeuka.

"Niko hapa, mwanangu."

"Mtandio wangu umekaa vibaya."

Akauinua, akauzungusha, akaipenyeza ncha yake chini ya sikio kama mama yake alivyokuwa akifanya. Akajifuta chini ya macho kwa kidole gumba, huku na huku. Niliisubiri ile sauti aliyoisimulia Taratibu. Nilikuwa tayari kumrukia nimkumbatie.

"Kweli," binti akasema, "mtu anaweza kujipaka wanja."

Akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, kikavunjika katikati kikawa kilio, kilio cha kweli, cha kwanza tangu msiba uingie, na akajiegemeza pale ubavuni na paji la uso wake kwenye paji la uso wa yule mwingine. Baba yake akamfuata. Safari hii sikumzuia.

Walipotulia, Taratibu alikwenda nyuma kufunga milango. Alifunga wa kwanza. Wa pili aliusukuma kwa kiganja, na kiganja kikatua pale pale kwenye lile doa, kikalienea lote, pasionekane kitu. Mlango ulikuwa umeshafungika. Yeye bado aliushikilia, kama wale watu wa pete na bangili, na ilibidi mimi, mwenye hasira za karibu, nimwambie polepole, "Twende, shemeji. Hatembei kwa miguu."